Kuunda modeli ya tishu laini: hatua kwa hatua, kuanzia kwenye mashine ya kuvuta hadi kwenye kompyuta

Chukua kipande cha kano, kibane kwenye mashine, kivute kwa asilimia 4 ya urefu wake, kisha kiache hapohapo bila kukigusa. Urefu haubadiliki, lakini namba ya nguvu kwenye skrini inaanza kushuka. Mwanzoni inashuka mbio, baadaye polepole, na dakika kumi zikipita bado inashuka. Springi ya chuma kwenye joto la kawaida haikufanyii hivyo. Ukigeuza jaribio, ukaning'iniza mzigo usiobadilika, kano itaendelea kurefuka kidogo kidogo. Ukiivuta na kuiachia mara kwa mara, njia ya kwenda na njia ya kurudi hazilingani, na katikati yake kunabaki kitanzi ambacho eneo lake ni nishati iliyopotea. Ukivuta haraka, tishu ni ngumu zaidi kuliko ukivuta taratibu.

Hayo yote ni sura za jambo moja: tishu ina unyumbufu na mnato kwa pamoja, na wahandisi huiita tabia hiyo viskoelastiki. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye ana data, au yuko karibu kuipata, na anataka modeli itakayotabiri kitu kingine zaidi ya data hiyohiyo. Nitatumia mkazo kwa maana ya nguvu gawanya kwa eneo, na mnyumbuko kwa maana ya badiliko la urefu gawanya kwa urefu wa mwanzo.

Hatua ya 1: Andika saa ya swali lako

Wengi huanza kwa kuuliza "nitumie modeli gani?" Hapo ndipo wanapopotea. Swali la kwanza ni muda: jambo unalotaka kulitabiri linatokea kwa milisekunde ngapi, sekunde ngapi, au saa ngapi? Kisigino kinapogonga chini wakati wa kukimbia, kila kitu kinaisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mshono wa upasuaji uliokaza ngozi unahusu dakika na saa. Modeli nzuri kwa swali la kwanza inaweza isifae kabisa kwa la pili, hata kama tishu ni ileile.

Andika kwenye karatasi muda mfupi zaidi na muda mrefu zaidi unaokuhusu, kisha hakikisha jaribio linafunika pote pawili. Muda mfupi unawekewa mpaka na kasi ya kuvuta: ukitumia sekunde 1 kufika kwenye mnyumbuko unaoutaka, kilicholegea ndani ya sekunde hiyo kimefifia. Muda mrefu unawekewa mpaka na subira yako. Ukishikilia kwa sekunde 600, huna haki ya kusema lolote kuhusu saa tatu baadaye.

Hatua ya 2: Pata data inayoaminika

Hapa sitakimbia, maana makosa mengi ninayoyaona kwenye modeli yamezaliwa mezani, wala si kwenye hesabu.

Maji kwanza. Tishu laini kwa sehemu kubwa ni maji, na ikikaa hewani inakauka kwa dakika chache na kuwa ngumu. Ifanyie jaribio ndani ya beseni la maji ya chumvi ya 0.9% au maji ya chumvi yenye bafa (kemikali inayozuia kiwango cha asidi kubadilika), kwenye nyuzi 37 za Selsiasi kama swali lako linahusu mwili ulio hai. Ukibadilisha kiwango cha chumvi, baadhi ya tishu huvimba na tabia yake inabadilika, kwa hiyo chagua kimoja ukibaki nacho.

Pili, sifuri. Tishu iliyolegea haina urefu wa mwanzo ulio wazi. Weka mzigo mdogo wa awali, uleule kwa sampuli zote, na uite urefu wa hapo "sifuri". Uandike kwenye ripoti. Kwenye kano, sehemu ya mwanzo ya grafu ni laini kwa sababu nyuzi za kolajeni zina mawimbi yanayonyooka kwanza, takriban hadi asilimia 2. Ukikosea sifuri kwa nusu asilimia, umekosea robo nzima ya eneo hilo.

Tatu, kuizoesha. Mzunguko wa kwanza wa kuvuta na kuachia haufanani na wa pili, wala wa pili na wa tatu. Baada ya mizunguko kama kumi hivi grafu zinaanza kulaliana. Izoeshe hadi kiwango cha juu zaidi utakachotumia baadaye, si chini yake. Kisha ipe nafasi ya kupumzika kabla ya jaribio halisi. Kanuni inayotumika sana ni kupumzika mara kumi ya muda ulioishikilia. Inachosha, najua. Lakini tishu ina kumbukumbu, na jaribio la asubuhi linaweza kuingia ndani ya jaribio la mchana.

Nne, vibanio. Niliwahi kutumia wiki mbili nikisifia data safi ya kulegea kwa mkazo, modeli ikalala juu yake kama kivuli. Baadaye nikaangalia video: alama mbili za wino nilizochora katikati ya sampuli zilikuwa zinakaribiana taratibu. Kano ilikuwa inateleza kwenye kibanio cha juu, na "kulegea" kwangu kulikuwa, kwa kiasi kikubwa, utelezi. Tangu hapo sipimi mnyumbuko kwa mwendo wa mashine peke yake. Chora alama, weka kamera, pima umbali kati ya alama. Kama alama hazitulii wakati wa kushikilia, data hiyo haifai.

Hatua ya 3: Chora kwa logi ya muda

Chora mkazo dhidi ya logi ya muda kabla ya kugusa hesabu yoyote. Kwenye mhimili wa kawaida kila tishu inaonekana vilevile: inaporomoka kisha inatulia. Kwenye logi utaona kama inashuka kwa mstari ulionyooka, ina ngazi, au inakaribia kiwango cha mwisho.

Hapohapo punguza data. Ukirekodi mara 100 kwa sekunde kwa sekunde 600 una nukta 60,000, na ni 100 tu zilizo ndani ya sekunde ya kwanza. Ukiipa programu ya kulinganisha data hiyo ghafi, itahangaikia mkia mrefu uliotulia na kupuuza mwanzo, ambako mambo yanatokea. Chagua idadi sawa ya nukta, tuseme 20, kwa kila mara kumi ya muda: kati ya 0.1 na 1, kati ya 1 na 10, na kuendelea.

Hatua ya 4: Chagua umbo la modeli

Modeli za msingi hujengwa kwa vitu viwili: springi, ambayo mkazo wake unafuata mnyumbuko, na shokapu, ambayo mkazo wake unafuata kasi ya mnyumbuko.

Springi na shokapu zikifuatana ni modeli ya Maxwell. Ukiishikilia, mkazo unashuka kwa kipeo hasi cha muda hadi sifuri kabisa. Kano haiishiwi nguvu zote, kwa hiyo peke yake haitoshi. Zikikaa sambamba ni modeli ya Kelvin na Voigt. Hiyo inaeleza kurefuka chini ya mzigo, lakini ukiilazimisha kuruka ghafla inadai mkazo usio na kikomo. Ukiweka springi moja sambamba na tawi la Maxwell unapata umbo ambalo mara nyingi huitwa kwa jina la Zener: lina ugumu wa papo hapo, ugumu wa mwisho, na muda mmoja wa kulegea. Linafaa kufundishia. Kwa tishu halisi halitoshi, kwa sababu kushuka kwa tishu kunaenea kwenye mara kumi kadhaa za muda, na kipeo kimoja kinamaliza kazi yake ndani ya mara kumi moja na kidogo.

Jibu la kawaida ni kuongeza matawi. Tunapata mfululizo unaoitwa kwa jina la Prony, Mfaransa aliyechapisha njia ya kulinganisha jumla ya vipeo mwaka 1795, zamani kabla ya mtu kufikiria kuutumia kwenye kano:

G(t) = g∞ + g1·e^(−t/τ1) + g2·e^(−t/τ2) + g3·e^(−t/τ3)

G(t) ni sehemu ya mkazo wa papo hapo inayobaki baada ya muda t, na g∞ ni ile isiyolegea kamwe. G(0) ni 1, kwa hiyo g zote zinajumlishwa kuwa 1. Kila τ ni muda wa kulegea wa tawi moja, na g yake ni mchango wa tawi hilo. Tawi moja kwa kila mara kumi ya muda linatosha. Ukiweka manane kwenye data ya mara kumi tatu, grafu itapendeza na vigezo havitakuwa na maana yoyote.

Hatua ya 5: Tafuta vigezo bila kujidanganya

Usiiachie programu itafute g na τ kwa pamoja. Vipeo vinafanana mno. Ukianza na makisio tofauti utapata majibu tofauti yanayolingana na data kwa ubora uleule. Funga τ mwenyewe: ya kwanza isiwe fupi kuliko muda wa kuvuta, ya mwisho isizidi muda wa kushikilia, nyingine zipangwe kwa mara kumi. Ukishafanya hivyo tatizo linakuwa la mstari, na kinachobaki ni kutafuta g zisizo hasi. Kwenye Python, kazi ya nnls iliyo ndani ya maktaba ya hesabu ya SciPy inafanya hivyo kwa mstari mmoja wa msimbo.

Hizi hapa ni namba nilizozitunga ili ujipime. Chukua τ za sekunde 1, 10 na 100; g1 = 0.15, g2 = 0.12, g3 = 0.13, g∞ = 0.60, mkazo wa papo hapo 4.0 MPa (megapaskali, kipimo cha mkazo). Kama kuvuta kungekuwa kwa ghafla kabisa, ungesoma 3.57 MPa baada ya sekunde 1, 3.05 baada ya 10, 2.59 baada ya 100, na 2.40 baada ya 600.

Lakini hakuna mashine inayovuta ghafla kabisa. Tuseme umevuta kwa kasi moja kwa muda T. Tawi lenye muda τ, kuvuta kunapokwisha, limebakiwa na sehemu hii tu ya mkazo wake, ikiwa mkazo wa kinyumbufu (yaani ule ambao ungekuwepo kama tishu isingelegea) unapanda kwa mstari:

(1 − e^(−T/τ)) / (T/τ)

T ikiwa sawa na τ, hiyo ni 0.632. T ikiwa moja ya kumi ya τ, ni 0.952. Kwa mfano wetu na T ya sekunde 1, kilele utakachokisoma ni 3.75 MPa badala ya 4.0. Mtu anayegawa data yake yote kwa kilele hicho, kama inavyofanyika mara nyingi, atapata g∞ ya 0.64 badala ya 0.60, na g1 yake itatoka ndogo mno. Kosa linaonekana dogo kwenye karatasi. Kwa mtu anayetabiri mgongano wa milisekunde, g1 ndiyo kila kitu.

Dawa yake ni kuacha kujifanya kuwa kuvuta kulikuwa kwa ghafla. Ipe hesabu mwendo halisi uliopimwa, kuanzia nukta ya kwanza ya kuvuta. Hatua ya 7 inaonyesha namna.

Hatua ya 6: Ingiza ukweli kwamba tishu haifuati mstari

Ludwig Boltzmann aliandika mwaka 1874 wazo ambalo bado tunaliishi: kila badiliko dogo la mnyumbuko la zamani linaacha alama inayofifia, na mkazo wa sasa ni jumla ya alama zote. Tatizo ni kwamba tishu laini haiko kwenye mstari: mnyumbuko ukiongezeka mara mbili, mkazo unaweza kuongezeka mara tano.

Y. C. Fung, mtaalamu wa biomekanika, alitoa njia ya kati, na ndiyo inayotumika zaidi hadi leo. Tenganisha vitu viwili. Kwanza, mkazo wa kinyumbufu unaotegemea mnyumbuko peke yake, kwa kawaida:

σe = A·(e^(Bε) − 1)

Hapa ε ni mnyumbuko, na A na B ni vigezo vya tishu. Pili, G(t) ileile, inayotegemea muda peke yake. Kisha jumlisha alama za mabadiliko ya σe badala ya mabadiliko ya mnyumbuko.

Utenganisho huo ni dhana tu, na unapimika. Fanya majaribio ya kushikilia kwenye mnyumbuko wa asilimia 2, 4 na 6, kwa kasi ileile na mapumziko kamili kati yake. Gawa kila grafu kwa thamani yake ya muda fulani mmoja, mfano sekunde 2, halafu zilaze pamoja. Zikilaliana, endelea na Fung. Zikiachana, njia yake itakupa wastani usio wa tishu yoyote. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001 kwenye ligamenti ya ndani ya goti la panya yalionyesha mwachano huo: mnyumbuko ulipoongezeka, kasi ya kulegea ilipungua. Ukikuta hivyo, ruhusu g zibadilike na mnyumbuko, au punguza eneo unalodai kulieleza. Mimi huchagua la pili mara nyingi kuliko wenzangu wanavyopenda.

Kutafuta vigezo hapa kuna njia ya mkato. A na g zote zinaingia kwa mstari. Ni B peke yake iliyojificha ndani ya kipeo. Kwa hiyo kisia B, kokotoa safu moja ya mkazo kwa kila τ na moja ya g∞ (namna iko Hatua ya 7), tatua kwa nnls, pima kosa, jaribu B nyingine. Ni utafutaji wa namba moja tu. Jumla ya majibu ya nnls ni A, na kila jibu likigawanywa kwa A linakuwa g yake. Kumbuka kwamba B inajulikana kutokana na sehemu ya kuvuta pekee, kwa hiyo rekodi sehemu hiyo kwa wingi wa nukta hata kama inadumu sekunde moja.

Hatua ya 7: Kokotoa bila kubeba historia yote

Ukiitekeleza jumla ya Boltzmann kama ilivyo, kila hatua ya muda inalazimika kurudi mwanzo wa jaribio. Kwa sampuli moja inavumilika. Kwa modeli ya goti zima haiwezekani. Uzuri wa vipeo ni kwamba kila tawi linahitaji kukumbuka namba moja tu, h, yaani mkazo wa tawi hilo kwa sasa (Δt ni urefu wa hatua moja ya muda):

h mpya = e^(−Δt/τ) · h ya zamani + g · [(1 − e^(−Δt/τ)) / (Δt/τ)] · (σe mpya − σe ya zamani)

Mkazo wa jumla ni g∞·σe pamoja na h zote. Jaribu kwa mkono kwenye tawi la sekunde 10, g = 0.12, Δt = sekunde 1. Ndani ya sekunde ya kwanza σe inapanda kutoka 0 hadi 4 MPa: h inakuwa 0.12 × 0.9516 × 4 = 0.457 MPa. Sekunde ya pili umeshikilia, σe haibadiliki: h inakuwa 0.9048 × 0.457 = 0.413. Kama msimbo wako hautoi namba hizo mbili, usiende mbele.

Ili kupata safu za hatua zilizopita, endesha fomula hii kwa mnyumbuko uliopimwa na kamera, weka g = 1 na A = 1, tawi moja baada ya lingine.

Hatua ya 8: Itabirishe kitu ambacho haijakiona

Modeli iliyolinganishwa na jaribio la kushikilia itaeleza jaribio la kushikilia. Mpe mwenzako data nyingine aifiche: mizunguko ya kuvuta na kuachia kwa kasi tofauti. Tabiri kwanza, halafu fungua. Linganisha kilele na eneo la kitanzi. Kilele karibu kila mara kinatoka vizuri. Kitanzi ndicho kinachoumbua, maana kinategemea matawi yaliyo karibu na kasi hiyo ya mizunguko. Ukiona upotevu wa nishati una vilima kwenye kasi fulani na mabonde kati yake, τ zako ziko mbali mno.

Hatua ya 9: Hakikisha si maji yanayokuchezea

Gegedu ni asilimia 70 hadi 80 maji. Ukiibana, sehemu kubwa ya kulegea kwake ni maji yanayotafuta njia ya kutoka kwenye vitundu vyembamba. Van C. Mow na wenzake walieleza hilo mwaka 1980 kwa nadharia ya awamu mbili, yabisi na kimiminika. Mfululizo wa Prony utalingana na data hiyo bila shida yoyote, na utakuwa umekudanganya, kwa sababu τ ya maji si mali ya tishu peke yake: inakua na mraba wa umbali ambao maji yanasafiri.

Kipimo chake ni rahisi. Kata vidonge viwili vya duara, kimoja chenye kipenyo mara mbili ya kingine, unene uleule, vibane kati ya bamba laini zisizopitisha maji. Ikiwa kikubwa kinachukua takriban mara nne ya muda kulegea, ni maji. Ikiwa muda haubadiliki, ni yabisi. Ukipata katikati, ni vyote viwili, na itabidi uviweke vyote kwenye modeli.

Hatua ya 10: Kuingiza kwenye programu ya elementi finiti

Programu hizi hugawa umbo la kiungo kuwa vipande vidogo, yaani elementi, na kukokotoa mkazo wa kila kimoja. Hapa kuna shimo moja ambalo limemeza watu wengi. Mkazo wa kinyumbufu unaouingiza ni wa papo hapo, au wa mwisho baada ya kulegea? Sisi tumeandika G(0) = 1, yaani A yetu ni ya papo hapo. Programu ya Abaqus inakutaka uchague. FEBio, programu nyingine ya aina hiyo, kwa kawaida huandika G = 1 + Σγ·e^(−t/τ), ambapo sehemu ya kinyumbufu ni ile ya mwisho, kwa hiyo A lazima izidishwe kwa g∞ na kila g igawanywe kwa g∞: 0.15 inakuwa 0.25, 0.12 inakuwa 0.20, 0.13 inakuwa 0.217.

Kabla ya kujenga umbo lolote la kiungo, tengeneza mchemraba mmoja, elementi moja, uuvute kwa sekunde 1 na kuushikilia kwa 600, huku σe ikipanda kwa mstari hadi 4.0 MPa. Unapaswa kusoma kilele cha 3.75 MPa na mwisho wa 2.40. Ukisoma 6.26 na 4.00, umeingiza ugumu wa papo hapo pale ambapo programu ilitaka ule wa mwisho.